Bunduki ya zamani ya kuwinda: kujua bei yake na hali yake (mhadhara, Lubumbashi)

Jambo yenu ba papa, ba mama, na vijana wote muko hapa. Bunduki yenyewe sikuleta, munajua wenyewe kutembeza silaha mu mji ni kutafuta matata, kwa hiyo tutaangalia mapicha tu hapa ku ukuta, na kama ku nyumba yenu iko moja, mbele ya yote hakikisha permi yake iko sawa, kisha uifungue uone hakuna kartushi ndani, hata kama mwenye nayo anaapa eti iko tupu tangu mji huu ulikuwa unaitwa Élisabethville.

Nyingi zenye tunaonaga huku zilitoka Ubelgiji, ku Liège na Herstal. Hii ya picha ya kwanza, yenye mugongo kama nundu, ni Auto-5, John Browning ndo aliichora, FN, kile kiwanda cha silaha cha Herstal, ikaanza kuifanya 1902 na ikaendelea mpaka miaka ya 1970, kisha kazi ikaenda Japani. Sasa hesabuni wenyewe, miaka yote ile, ziko nyingi sana, mtu asikudanganye eti ni adimu juu tu ni ya zamani. Superposed ile ya mitutu miwili, moja juu ya ingine, ni habari ingine: Browning alikufa ku Liège 1926 hajaimaliza, mtoto wake Val akaimalizia, na zile za kalibre ndogo, maana yake mutundu mwembamba, 28 na .410, wenye kukusanya banazitafuta kuliko kalibre 12.

Lakini jina la ubavuni haliniambii mingi. Mi naanzaga chini ya mitutu, fasi yenye watu habaangaliagi, juu pale ndo Liège ilikuwa inapiga chapa zake kisha kuijaribu bunduki kwa baruti kali. Utaona yai lenye herufi ELG na nyota, na kama juu ya yai iko taji, jua ni kuanzia 1893. Simba mwenye PV chini yake maana yake ilijaribiwa na baruti isiyo na moshi. Kuanzia 1922 banaongeza herufi ndogo ya mwaka, wakianza na a. Kwa hiyo muuzaji akikuambia 1910 na wewe unaona herufi ya mwaka pale, mwache aongee tu.

Na tafuta urefu wa chemba, ile fasi kartushi inakaa, milimita 65 ao 70. Hii naomba musikilize muzuri. Kartushi ya 70 inaingia bila shida mu chemba ya 65, juu mdomo wake uko umekunjwa, ule urefu wa 70 ni wa kisha kulipuka, sasa ikifunguka inakosa nafasi na nguvu ya ndani inapanda. Auto-5 nyingi za kalibre 16 za mbele ya vita ya 1940 ziko na chemba ya 65. Na mitutu ya damasi, ile yenye michoro kama mawimbi, mi naiweka ukutani, siipigi.

Hali yake sasa. Kila mtu anapenda yenye kungaa, na hapo ndo pesa inapotea, juu fundi akisugua na msasa kisha akapaka rangi mupya, kona zote zinakuwa duara, herufi zinafifia, matundu ya visi yanapanuka. Ile yenye rangi imeisha polepole ku mkono iko na bei kuliko hiyo. Angalia vichwa vya visi, kama vimechunwa na turnevisi mbaya, kuna mtu aliingia ndani. Ku ile ya mitutu miwili, toa mbao ya mbele, funga bunduki, tikisa: ikicheza, bawaba imekwisha. Ning'iniza mitutu pekee na kamba, gonga na kidole, ikilia kama kengele solda yenye kuunganisha mitutu iko nzima, ikilia bubu kuna fasi imeachia. Ndani tazama na mwanga, kivuli cha duara ni dalili ya mtutu uliovimba. Ku Auto-5, mbao ya mbele yenye kupasuka mara mingi inasema pete za ndani zilipangwa vibaya.

Kuna na ugonjwa wa chumvi. Mwisho wa miaka ya 1960 mbao za Browning zingine zilikaushwa na chumvi, na chumvi ile inakula chuma kutoka ndani, unaona bunduki safi kabisa. Toa visi za bamba la nyuma ya kitako, zikiwa na kutu nyekundu, bei inashuka vibaya sana, hapo usione aibu kuondoka.

Papa kule nyuma anauliza kama aisafishe mbele ya kuuza. Apana papa, kitambaa na mafuta kidogo, basi. Na namba ya mtutu ilingane na ya mwili wa bunduki, hiyo iangalie leo jioni, kisha nitumie picha ya chini ya mitutu, si ya ubavu.