Sufuria Kubwa, Sufuria Ndogo

HEMEDI: Assalaam aleikum wasikilizaji, karibuni. Mimi Hemedi, tuko Ngamiani, Tanga, na mwenzangu ni yule yule. Da Zuhura, shikamoo.

ZUHURA: Marahaba mdogo wangu. Umekula?

HEMEDI: Nimepitia maandazi na barazi pale kona.

ZUHURA: Umefanya la maana.

HEMEDI: Ngoja kwanza. Hilo ndilo linalowatatiza watu. Wewe unapika asubuhi, mchana, usiku. Ukipita sokoni Mgandini wauza viungo wote wanakuita. Halafu jioni mtu anakukuta kwenye benchi la kibanda umeshika bakuli. Wanauliza, huyu mpishi gani anayekula nje?

ZUHURA: Kwani fundi cherehani hanunui nguo dukani? Napenda kupika, na napenda kupikiwa. Ila si kila kitu nakipika, na si kila kitu nakinunua. Kuna chakula cha sufuria kubwa na kuna chakula cha sufuria ndogo. Ukivichanganya hivyo viwili, utakula vibaya nyumbani na utakula vibaya nje.

HEMEDI: Haya, tufafanulie.

ZUHURA: Chukua hiyo barazi uliyokula. Mbaazi kavu zinalowekwa usiku kucha, zinabandikwa alfajiri juu ya mkaa wa taratibu, zinakaa hapo mpaka zilainike bila kupasukapasuka. Ndipo zitiwe tui na kitunguu. Sasa mimi niko nyumbani na watoto wawili. Niwashe mkaa wote huo kwa bakuli tatu za mbaazi? Yule mama wa kona anapika sufuria la mtaa mzima, moto ule ule. Mbaazi zikiwa nyingi zinashikana joto, zinaiva pamoja, na uji wake unakuwa mzito wenyewe. Zangu za sufuria ndogo, chini zimeshaungua, juu bado zinagonga meno.

HEMEDI: Kwa hiyo barazi umeshaiachia mtaa.

ZUHURA: Nilishaiacha siku nyingi. Na maandazi. Mtu anayekanda unga kila siku ya Mungu mkono wake unajua unga umefika, haangalii saa. Mimi wa mara moja kwa wiki nitashindana naye nini? Nampa hela yake, nakula, nashukuru.

HEMEDI: Na biriani?

ZUHURA: Biriani ndiyo hasa. Biriani ni chakula cha watu wengi. Kitunguu cha kukaanga peke yake ni ndoo. Ukiipika ya watu watatu unapata wali wa rangi na nyama pembeni. Ijumaa nainunua, tena naagiza mapema, maana ukichelewa unabaki na mifupa.

HEMEDI: Mimi hapo nina neno. Biriani ya nyumbani kwetu, siku ya Idi, haijapata kushindwa na hoteli yoyote mjini hapa.

ZUHURA: Siku ya Idi kwenu mnakuwa wangapi?

HEMEDI: Aa, ukoo mzima. Wengine wanatoka Pangani, wengine Muheza.

ZUHURA: Basi hiyo si sufuria kubwa hiyo? Umenitetea mwenyewe.

HEMEDI: (anacheka) Haya, nimekamatika. Sasa cha sufuria ndogo.

ZUHURA: Cha sufuria ndogo ni chochote chenye tui. Wali wa nazi, mchuzi wa samaki wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha wa nazi. Hivyo usininunulishe. Sababu haina siri: tui halingoji mtu. Joto hili la Tanga, mchuzi wa nazi ulioiva saa tano asubuhi, ukifika saa kumi jioni umeshaanza kuchacha. Mwenye hoteli anajua. Kwa hiyo afanyeje? Anatia tui jembamba, au anatia unga wa nazi wa pakiti, au anaupashapasha moto mchuzi mpaka mafuta yanaelea juu na chini kubaki maji ya manjano. Simlaumu sana, ana wateja wa kutwa. Lakini mimi nyumbani nakuna nazi saa sita, saa saba tunakula. Hapo hoteli hainiwezi.

HEMEDI: Hebu watembeze hapo kwenye tui. Kuna watu wanasikiliza wako Dodoma, wako Mwanza, nazi kwao ni ya kopo.

ZUHURA: Haya. Nazi iwe kavu, uitikise usikie maji. Ukiivunja, nusa kwanza. Ikiwa na harufu ya sabuni, tupa, usijidanganye. Kaa kwenye mbuzi ya kukunia, kuna taratibu, mkono unazunguka, na ukiona karibu unafika kwenye ganda la kahawia simama. Lile kahawia linachafua tui. Mimina maji ya vuguvugu kidogo tu, kikombe kimoja kwa nazi mbili, kamua kwa mkono, chuja. Hilo ndilo tui la kwanza, liweke pembeni na usiliguse. Halafu tia maji mengi zaidi, kamua tena, hilo la pili. Watu wa zamani wanakwenda mpaka la tatu.

HEMEDI: Na kosa la wengi liko wapi?

ZUHURA: Wanatia yote pamoja. Tui la pili ndilo la kupikia, samaki au mboga inaivia humo. Tui la kwanza linaingia mwisho. Likishaingia, usiondoke jikoni, simu iache. Chukua upawa, chota, inua, mimina, chota, inua, mimina, mpaka lianze kutokota kidogo kidogo pembezoni. Ukiliacha lichemke kwa kishindo linakatika, na tui likishakatika hakuna mganga. Ndimu au ukwaju navyo usivitie kwenye tui ambalo bado halijashika.

HEMEDI: Na wali?

ZUHURA: Wali maji yakikaribia kukauka, funika, punguza moto chini, chukua makaa palia juu ya kifuniko. Wenye majiko ya gesi wanasema moto mdogo unatosha. Unatosha, ndiyo, wali unaiva. Lakini juu hautoi ile harufu.

HEMEDI: Sasa samaki wa kupaka nina kesi naye. Nilipeleka wageni sehemu moja karibu na bahari, sitaitaja. Tumekaa, upepo mzuri. Menyu imeandikwa samaki wa kupaka. Analetwa samaki amekaangwa kwenye mafuta, tena wa mapema, amepoa, kamwagiwa mchuzi wa njano juu. Wageni wakasifu kwelikweli. Nikanyamaza.

ZUHURA: Huyo ni samaki wa kumwagiwa. Wa kupaka anapakwa! Unamchana samaki changu ubavuni, kila upande mara tatu nne, unamsugua chumvi, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, ukwaju, mpaka ndani ya ile michano. Anakaa. Unamweka juu ya mkaa usio na moshi. Pembeni una sufuria ya tui la kwanza limepikwa na bizari na ukwaju mpaka limekuwa zito, linashika kwenye kijiko. Akikaribia kuiva unapaka, unageuza, unapaka, unageuza. Tui linadondokea mkaa, moshi unapanda, unamrudia samaki. Ule moshi ndiyo chakula chenyewe. Ukimkuta hana doa jeusi hata moja kwenye ngozi, ujue hakuona mkaa.

HEMEDI: Na samaki wenyewe unanunua wapi?

ZUHURA: Nikiamka mapema, soko la samaki la Deep Sea. Nikichelewa, kwa wachuuzi. Fungua shavu tazama matamvua, yawe mekundu yenye kung'aa. Jicho lijae, lisizame. Bonyeza kwa kidole, nyama irudi. Na usilazimishe changu kama siku hiyo hakuna changu. Kusi likivuma bahari inachafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, unachukua ulichokuta. Kibua ni samaki mzuri sana watu wanamdharau bure.

HEMEDI: Mgeni mmoja aliniuliza, silikanti anauzwa wapi, anataka amwonje.

ZUHURA: Yarabi! Yule wa enzi za madinosari?

HEMEDI: Huyo huyo. Wanasayansi walidhani katoweka zamani za kale, mpaka akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Huku kwetu alianza kunaswa kwenye majarife, zile nyavu za papa zinazotegwa kina kirefu, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake, hapa hapa Tanga. Nikamwambia bwana, huyo analindwa, na isitoshe nyama yake ni mafuta matupu, haina utamu.

ZUHURA: Umemwelekeza vizuri. Ungemtafutia papa mkavu. Mchuzi wa papa mkavu na bada, ule ugali wa muhogo, hapo mgeni angesahau hayo ya kale.

HEMEDI: Ndipo nilipotaka tufike. Bada unainunua au unapika?

ZUHURA: Hapa nina hasira kidogo. Bada ni sufuria ndogo kwa sababu hakuna anayeiuza! Zunguka mjini, barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja. Chipsi mayai utapata kila kona. Ugali wa muhogo, wa kwetu, wa Wadigo na Wabondei, unaufukuzia kama dawa. Mtu anafika Tanga, waja leo waondoka leo, anaondoka hajaonja bada wala mboga ya mchunga.

HEMEDI: Mchunga wenyewe mchungu, Da Zuhura. Wageni watakimbia.

ZUHURA: Mchungu kwa asiyejua kuupika. Unauchemsha, unamwaga maji, unaukamua vizuri, ndipo unaunga kwa kitunguu na tui. Uchungu unabaki kidogo nyuma ya ulimi, na bada haina ladha kali, basi vinapatana. Mama lishe atakayeweka bada na mchunga siku moja tu kwa wiki, mimi nitakuwa mteja wa kwanza, na nitampelekea watu.

HEMEDI: Hapo si umevunja kanuni yako? Mchunga una tui. Ulisema cha tui hununui.

ZUHURA: Apike saa sita, auze saa saba, sufuria ikiisha imeisha. Mbona wauza mihogo ya nazi wanafanya hivyo? Ukichelewa unaambiwa njoo kesho. Mimi sipingi kununua tui, napinga tui lililolala.

HEMEDI: Sawa. Tumalizie ugomvi wetu wa zamani. Pweza.

ZUHURA: Pweza wa nyumbani.

HEMEDI: Pweza wa kibandani! Jioni, taa imewashwa, sufuria inatoka mvuke, jamaa anakata vipande vidogo vidogo, anakupa kijiti, unachovya kwenye pilipili, halafu kikombe cha supu na ndimu. Hiyo nyumbani utaifanyaje? Na kwa kanuni yako mwenyewe: yule kachemsha pweza wengi sufuria moja. Pweza hutoa maji yake. Maji ya pweza wengi si sawa na maji ya pweza mmoja.

ZUHURA: (kimya kidogo) Kwenye supu umenipata.

HEMEDI: Wasikilizaji, mmesikia!

ZUHURA: Kwenye supu, nimesema. Mchuzi wa pweza wa nazi ni mwingine. Pweza wangu nampiga mwenyewe jiweni mpaka alegee, nambandika bila maji ya ziada, anaiva kwa maji yake mpaka yanakauka na kuwa mekundu. Hayo mekundu simwagi, natia tui la pili juu yake. Huo mchuzi mwambie mwenye kibanda akuuzie.

HEMEDI: Hana.

ZUHURA: Basi. Na ununue wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Maji yanatoka mbali, miamba inaonekana, watu wanawatoa mashimoni kwa mkono. Maji mafu pweza ni haba na bei inapanda.

HEMEDI: Swahiba wangu mmoja ananiambia wewe ukila nje hukai kama mteja, unakaa kama mpelelezi.

ZUHURA: Natazama mkono. Kuna mama lishe mmoja anachoma nyanya na vitunguu vizima kwenye makaa, maganda yanakuwa meusi, anamenya, anaponda kinuni na pilipili. Kachumbari yake ile ukiila na samaki mkavu unalamba vidole. Nilikaa pale mpaka wenzangu wakachoka kuningoja. Sikumuuliza chochote, nilirudi nikafanya. Ya kwangu haijafika yake, nadhani anatia ukwaju na hataki nione.

HEMEDI: Si umuulize?

ZUHURA: Ni riziki yake ile, nimuulizeje? Nitaendelea kula pale, siku moja ataniambia mwenyewe.

HEMEDI: Haya, swali la mwisho, la msikilizaji. Kijana wa Chumbageni, anaishi peke yake, ana jiko moja na sufuria moja, kila siku chipsi. Aanze kupika nini?

ZUHURA: Hiyo sufuria ni ndogo?

HEMEDI: Amesema ndogo.

ZUHURA: Mungu kamjaalia. Aanze na mchicha wa nazi. Fungu la mchicha, nazi moja, kitunguu, nyanya. Tui la pili mwanzo, la kwanza mwisho, simu aiache mbali. Wali anunue kwa jirani mpaka azoee.

HEMEDI: Hana mbuzi ya kukunia. Ana blenda.

ZUHURA: Akate nazi vipande vidogo, atoe ngozi ya kahawia, asage na maji ya vuguvugu, achuje kwa kitambaa safi. Ni tui. Bibi yangu asingekubali, ila bibi yangu hakuwa anarudi kazini saa moja usiku.

HEMEDI: Na barazi ya asubuhi?

ZUHURA: Aje hapa kona. Awahi, maana kufika saa mbili unamkuta mama anasugua sufuria.

HEMEDI: Haya wasikilizaji, tuonane wiki ijayo inshallah. Kama kuna anayeuza bada mjini hapa, tuleteeni habari, tutamfuata popote alipo.