Mtoto Mdogo Hahitaji Kunenepeshwa: Uzito wa Kuzaliwa, Chakula na Kisukari cha Ukubwani

Nianze na namba moja ili tusisumbuane baadaye: gramu 2,500. Chini ya hapo, Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mtoto amezaliwa na uzito pungufu. Mpaka huo umewekwa kurahisisha kazi tu. Mwili haujui kwamba 2,490 ni hatari na 2,510 ni salama. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008, uliojumlisha tafiti nyingi za watu wazima, ulionyesha kwamba kwa kila kilo moja zaidi wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa kupata kisukari aina ya 2 ulipungua kwa takriban robo. Huko juu kabisa, kwa watoto wakubwa mno, hasa wa mama wenye kisukari, hatari inapanda tena. Hilo nitaligusia nikipata muda, na kwa kawaida sipati.

Habari ya David Barker na madaftari ya Hertfordshire mmeshaisikia: daktari Mwingereza aliyekuta kwenye kumbukumbu za zamani za kuzaliwa kwamba waliozaliwa wadogo ndio waliougua zaidi moyo ukubwani. Zaidi ya hapo siirudii. Ninachogombana nacho ni namna watu wanavyoichukua. Wakisikia mtoto aliyezaliwa mdogo yuko hatarini, jibu lao ni moja: tumnenepeshe, na haraka. Hapo ndipo tunapoharibu.

Tazameni njaa mbili za Vita vya Pili vya Dunia. Ya kwanza ni ya magharibi mwa Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945. Wajerumani walizuia chakula kisisafirishwe, mifereji ikaganda, na kuanzia Desemba hadi Aprili mgao rasmi ukawa kati ya kalori 400 na 800 kwa siku kwa mtu mzima. Mei 1945 nchi ikakombolewa, na kufikia Juni mgao ulikuwa umepita kalori 2,000. Yaani mtoto aliyekuwa tumboni wakati wa dhiki alizaliwa, akakulia kwenye shibe. Walipofika umri wa miaka 50 hivi, watu hao walinyweshwa glukosi, yaani sukari ileile ya kwenye damu, na kupimwa damu baada ya saa mbili. Waliokuwa tumboni miezi ya katikati na ya mwisho ya ujauzito wakati wa njaa walikuwa na sukari ya juu kuliko wenzao. Na waliopatwa na njaa mwanzoni mwa mimba, sikilizeni vizuri hapa, walizaliwa na uzito wa kawaida tu, lakini ukubwani wakawa na mafuta mabaya zaidi kwenye damu na maradhi zaidi ya moyo. Kwa hiyo mizani ya chumba cha kujifungulia haioni kila kitu.

Njaa ya pili ni ya Leningrad, mji wa Urusi ambao leo unaitwa St. Petersburg. Wajerumani waliuzingira tangu Septemba 1941 hadi Januari 1944. Kuna wiki katika majira yale ya kwanza ya baridi ambapo mgao wa mtoto au mtegemezi ulikuwa gramu 125 za mkate kwa siku, na mkate wenyewe ulikuwa umechanganywa na vitu visivyo unga. Kama uhaba wa tumboni peke yake ndio ungekuwa tatizo, kama wanavyodhani wanaotaka kunenepesha, hawa ndio wangekuwa na kisukari kupita wote. Matokeo yalitoka 1997: waliokuwa tumboni wakati wa mzingiro hawakutofautiana na wenzao katika kuhimili glukosi. Kwa nini? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba baada ya mzingiro maisha yaliendelea kuwa ya kubana. Mwili ulijiandaa kwa uhaba, ukaukuta uhaba.

Najua kuna mtu anaandaa kidole chake. Ndiyo, mzingiro ulikuwa mrefu zaidi, waliokufa walikuwa wengi, na walionusurika huenda walikuwa na miili migumu. Nakubali, Leningrad peke yake haithibitishi kitu. Lakini panya wa maabara hawakuwa vitani. Mama panya aliyelishwa protini kidogo, kama asilimia 8 badala ya 20, huzaa vitoto vidogo. Vitoto hivyo vikinyonyeshwa kwa wingi ili vifidie, huishi muda mfupi zaidi, na vikipewa lishe ya kunenepesha hali huwa mbaya zaidi. Vilivyokua vizuri tumboni vikapunguziwa kasi wakati wa kunyonya huishi zaidi.

Sasa ndani ya mwili kunatokea nini? Chakula kikipungua tumboni, damu hupelekwa kwanza kwenye ubongo. Wanaolipa gharama ni kongosho, ambalo huishia na seli chache za kutengeneza insulini, misuli, ambayo ndiyo soko kubwa la glukosi baada ya mlo, na figo. Figo ndizo zinazonikera kwa jinsi zinavyosahauliwa. Vichujio vyake huacha kuongezeka karibu na wiki ya 36 ya ujauzito. Ulivyozaliwa navyo ndivyo hivyo, havitaongezwa vingine. Vikiwa vichache, kila kimoja hufanya kazi ya ziada, na baada ya miaka mingi shinikizo la damu hupanda.

Mafuta, kinyume chake, hayapungui kwa kiasi hicho. Kundi la Ranjan Yajnik huko Pune, India, lilipima watoto wenye wastani wa kilo 2.7 wakati watoto wa Southampton, Uingereza, walikuwa na 3.5. Misuli na viungo vya tumboni vilikuwa vidogo mno, ila mafuta chini ya ngozi ya mgongo yalikuwa yamepungua kidogo tu. Mtoto mwembamba kwa macho, mnene kwa ndani. Mwili kama huo ukiumiminia nishati, hauna misuli ya kutosha ya kuipokea. Unaihifadhi tumboni na kwenye ini.

"Hayo ni vinasaba tu." Swali hili sikosi kuulizwa. Lina ukweli ndani yake: insulini ya kijusi ndiyo homoni yake ya kukua, na mtoto aliyerithi hitilafu ya jeni ya glukokinase, kimeng'enya kinachosaidia kongosho kuhisi sukari na kutoa insulini, huzaliwa na upungufu wa karibu nusu kilo. Lakini utafiti wa Denmark wa 1997 uliangalia pacha wa kufanana, wenye vinasaba vilevile, mmoja ana kisukari na mwenzake hana. Mwenye kisukari ndiye aliyezaliwa na uzito mdogo zaidi. Mkitaka kuendelea kubishana, bishaneni na pacha hao.

"Basi tumshindishe njaa?" La hasha! Huyu ndiye mtu anayenifanya nikose usingizi, maana atatoka hapa akanukuu nusu. Mtoto njiti akikosa lishe ubongo unaumia, na hilo halirudishwi. Ninachosema ni kutazama anakua nini, na anakua lini. Kumbukumbu za ukuaji wa watoto wa Helsinki, Finland, zilionyesha kwamba waliopata maradhi ya moyo ukubwani walizaliwa wadogo, wakabaki wembamba hadi miaka 2, kisha uwiano wao wa uzito na urefu ukapanda kwa kasi hadi miaka 11. Kuongezeka urefu utotoni si tatizo. Tatizo ni kilo zinazokuja baadaye bila urefu.

Kwa vitendo, basi. Mtoto apimwe uchi, mapema baada ya kuzaliwa, kwa sababu siku za mwanzo anaweza kupoteza hadi asilimia 10 ya uzito. Weka kitambaa kwenye mizani kwanza, irudishe kwenye sifuri, ndipo umlaze. Andika gramu ulizosoma. Ukikuta daftari limejaa 2,500 tupu, ujue mtu anakadiria, na waliopotea humo ni wale wa 2,430. Pembeni ya uzito andika wiki za ujauzito. Gramu 2,200 katika wiki ya 34 ni mtoto aliyewahi. Gramu 2,200 katika wiki ya 40 ni mtoto aliyebanwa. Hawa ni watu wawili tofauti, na kuwaweka fungu moja ni uvivu.

Urefu upimwe kwa ubao, mtoto amelala, watu wawili: mmoja ashike kichwa kiguse ubao wa juu, wa pili anyooshe magoti na kusimamisha nyayo wima. Mtu mmoja akipima, goti hujikunja na mtoto "hufupika". Kwa njiti, toa wiki alizowahi hadi afike miaka 2: wa wiki ya 32 mwenye miezi 6 soma chati kwenye miezi 4 hivi. Kisha tazama uzito kwa urefu. Mstari wa uzito ukiruka juu huku wa urefu umelala, usimpigie mama makofi.

Chakula: maziwa ya mama pekee hadi miezi 6. Anayetumia maziwa ya kopo asawazishe kijiko kwa kisu. Kujaza kichuguu "apate nguvu" ni kumwongezea nishati, protini na chumvi kwenye figo zilezile chache. Baada ya hapo ni vyakula vyenye protini na madini ya chuma, bila sukari ya kuongezwa. Uingereza iliacha kugawa sukari kwa vipimo Septemba 1953 na ulaji wake ukaongezeka karibu maradufu. Utafiti wa 2024 ulikuta kwamba waliopitia mgao huo tumboni na katika miaka ya mwanzo walikuwa na hatari ndogo ya kisukari aina ya 2 kwa takriban asilimia 35, na ya shinikizo la damu kwa asilimia 20.

Naona napewa ishara ya muda. Mama mwenye kisukari cha mimba: glukosi huvuka kondo la nyuma, insulini yake haivuki, kwa hiyo kongosho la mtoto hufanya kazi ya wawili. Siku nyingine. Kwa watu wazima mliozaliwa wadogo: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako hata kama mizani inakusifu, pima shinikizo na sukari mapema kuliko wenzako, fanya mazoezi ya nguvu maana misuli ndiyo uliyopunjwa, na unapomweleza daktari historia yako, mtajie uzito wako wa kuzaliwa hata asipouliza. Karibuni maswali, ila lile la vinasaba nimeshalijibu.