Kanuni za nishati nazo ziwekewe tarehe ya kuisha

Mwangaluka wote, wazee wangu shikamooni. Asanteni kwa kuja, najua wengi mmetoka sokoni kwa samaki pale Mwaloni moja kwa moja na wengine usiku wa leo mnaingia ziwani maana siku za giza la mwezi zimeshaanza, basi sitawachelewesha.

Nianze na karabai, zile taa za kuvulia dagaa usiku. Mjomba wangu pale Igombe alikuwa na karabai nne, jioni unamkuta amechuchumaa mchangani anazipiga pampu moja moja, mwanga ukitulia anaiweka pembeni anachukua nyingine, alafu usiku kucha zinakunywa mafuta ya taa. Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa kutoka shilingi 52 mpaka 400.30 kwa lita. Sababu ilikuwepo na ilikuwa ya kweli kabisa, watu walikuwa wanachakachua dizeli kwa mafuta ya taa kwa vile yalikuwa bei rahisi, injini za watu zinakufa na serikali inapoteza mapato. Ila mjomba hajawahi kuchakachua kitu, yeye alikuwa anatafuta dagaa, na hakuna siku iliyopangwa kabisa kwamba ikifika hiyo tutakaa tuulize je wachakachuaji wameisha, na nani mwingine ameumia humo humo?

Najua kodi inaguswa kila bajeti ya Juni, sio sawasawa na kanuni. Lakini kanuni ndo hali yake mbaya zaidi, maana yenyewe haina hata huo Juni, ikishatoka inakaa tu mpaka mtu apige kelele.

Wenzetu Kenya wana sheria ya mwaka 2013 inayosema kanuni yoyote inayotungwa chini ya sheria ya bunge inakufa yenyewe baada ya miaka 10, waziri akitaka anaweza kuiongezea muda mara moja tu, usiozidi miezi 12. Yaani inabidi mtu arudi kuitetea upya, za nishati zikiwemo. Na hili wazo sio geni, jimbo la Colorado kule Marekani lilipitisha sheria ya kuzipa taasisi zake ukomo mwaka 1976, Texas wakafuata 1977.

Sasa tarehe 9 Aprili 2025 Trump akasaini agizo linalotaka taasisi za nishati, mpaka ile tume ya nyuklia, ziweke ukomo kwenye kanuni zao nyingi, za zamani mwaka mmoja, mpya miaka mitano, labda ziongezewe muda baada ya kusikiliza maoni ya wananchi. Hapo mi nasema hapana jamani. Mwaka mmoja kwa rundo lote lile, ofisi itafanya nini? Itaongeza muda kwa mkupuo bila kusoma au itaziacha zife. Kanuni ya vali ya mtungi wa gesi, ya umbali wa kituo cha mafuta na nyumba za watu, hiyo isife kwa sababu karani alisahau tarehe. Za usalama zipitiwe, ndiyo, lakini ziendelee kufanya kazi mpaka mbadala wake uwepo. Ukomo mkali uwekwe kwenye ada, leseni, vibali na vile vinavyopanga bei, maana huko ndo mtu mdogo anaumizwa kimya kimya.

Na angalieni EWURA, mamlaka yetu ya udhibiti wa nishati na maji, bei kikomo ya mafuta inatoka mpya Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na nyie wenye injini za mtumbwi mnaisubiri kuliko mtu yeyote. Bei yenyewe ina tarehe ya kuisha! Ila kanuni inayoizaa, ile inayoamua gharama gani ihesabiwe na ipi isihesabiwe, hiyo haina.

Kwa hiyo ninachoomba tukidai kwa wabunge wetu ni miaka 10 kama Kenya, na kabla kanuni haijaongezewa muda uitishwe mkutano wa taftishi, yaani wa kusikiliza maoni ya wananchi, huku huku mwaloni, sio hotelini mjini, dada mwenye vichanja vya dagaa aje na daftari lake asome mwenyewe alinunua mafuta kiasi gani. Barua nimeshaiandika, iko pale mezani karibu na mlango, na mwenye risiti za mafuta za mwaka jana naomba anionyeshe kabla hajaondoka nizipige picha tuziambatanishe.