Kombe Letu na Kikombe Chao

Haya, wa nyuma mnanisikia? Poa. Kabla sijafika kwa Mayahudi nianzie hapahapa kwetu, nani hapa hajawahi kunywa kombe, au kuona mtu akinyweshwa? Mwalimu anachukua sahani nyeupe, anaandika aya kwa zafarani, anaiosha kwa maji, mgonjwa anakunywa, sahani inarudi kabatini ni sahani kama zingine. Sasa kwa Mayahudi ni kinyume kabisa, maneno yanabaki kwenye chombo miaka nenda miaka rudi, wewe unakunywa divai tu.

Mi nilialikwa chakula cha Ijumaa usiku kwa familia moja Nairobi, Sabato imeshaingia, mishumaa inawaka. Mezani kuna kikombe cha fedha kimechongwa herufi za Kiebrania karibu na mdomo, nikajua ni urembo. Kumbe ni borei pri hagafen, yaani “muumba wa tunda la mzabibu”, dua ileile anayoisoma mwenye nyumba akiwa amekishika. Wengine wanachonga ile ya Kutoka 20, “Ikumbuke siku ya Sabato uitakase.” Na ujazo wake nao una sheria, wengi wanashika mililita 86 kwenda juu, wako wanaosema 150, wamebishana hapo we acha tu. Mi nikamiminiwa juisi ya zabibu, nayo inafaa.

Pembeni mikate miwili imefunikwa kitambaa cha kudariziwa. Miwili kwa sababu kule jangwani siku ya sita mana ilikuwa inaokotwa mara mbili. Na kitambaa? Hapa ndo nilipocheka, wanasema siku zote mkate unabarikiwa kabla ya divai, ila Sabato divai inatangulia, basi mkate unafunikwa usione aibu. Mkate jamani!

Halafu kunawa. Kuna kopo lenye mikono miwili, nalo lina maneno yake, al netilat yadayim, dua ya kunawa. Nikanawa nikarudi kwenye kiti nikaanza kuuliza, bwana mwenye nyumba ananitolea macho, “mm! mm!”, meza nzima kimya, nikajua tayari nimeharibu. Kumbe ukishanawa huongei mpaka uonje mkate, na mkate unachovywa chumvi kwanza. Kwanini chumvi? Kwa sababu Walawi 2:13 inataka kila sadaka itiwe chumvi, na kwao hii meza ni madhabahu. Talmudi, kile kitabu chao kikubwa cha mijadala ya marabi, inasema hivyo waziwazi, Hekalu la Yerusalemu lilipokuwepo madhabahu ndiyo iliyokuwa inamfanyia mtu upatanisho, sasa ni meza yake, na Hekalu limebomolewa tangu mwaka 70.

Angalia kisu. Kisu cha mkate wengi wanakiandika Shabbat kodesh, Sabato takatifu, lakini wako wanaokiondoa au kukifunika kabla ya dua ya shukrani baada ya kula, maana mawe ya madhabahu yalikatazwa kuguswa na chuma. Andika maneno matakatifu utakavyo, kisu ni kisu.

Ndo maana mi nasema anayenunua vyombo hivi akavitundika sebuleni amenunua nusu. Viliandikwa visomwe. Marabi wa zamani walisema watu watatu wakila meza moja bila neno la Torati ni kama wamekula sadaka za wafu, yaani za miungu ya sanamu, kauli nzito hiyo. Sahani ya Pasaka yao nyingine imezungushiwa utaratibu wa usiku mzima, kadesh, urhatz, karpas, yaani dua ya divai, kunawa, kula mboga, mpaka mwisho, ukipotea unaangalia sahani. Na iko moja Jerusalem kwenye Israel Museum, ya udongo, imetoka Hispania karibu 1480, miaka kama 12 tu kabla Mayahudi hawajafukuzwa kule, ina maneno pesah, matza, maror, yaani Pasaka, mkate usiotiwa chachu na mboga chungu, na Kiebrania chake kimekosewa! Inadhaniwa fundi hakuwa Myahudi, alikuwa ananakili maumbo ya herufi asiyoyajua. Na watu wakaila Pasaka yao humo.

Naona mkono pale… ndio mama, swali zuri, jina la Mungu kwenye chombo unaoshaje? Wengi wanaliandika kwa kifupi tu, kwa sababu likiandikwa kamili ni marufuku kulifuta. Talmudi inasema likiwa limeandikwa kwenye mpini wa chombo, panakatwa pale na kipande kinawekwa mahali pa heshima.

Ila mahali pamoja Torati yenyewe inaamuru lifutwe. Hesabu 5, mke anayeshukiwa na mumewe, kuhani anaandika laana yenye jina hilo, anaifutia kwenye maji ya uchungu, mwanamke anayanywa. Kwa hiyo kombe na wao walikuwa nalo, mpaka Rabi Yohanan ben Zakai, mwalimu wao mkubwa wa zama zile Hekalu lilipobomolewa, akalisimamisha, kwa maana wazinzi walikuwa wamezidi.