Kibanda cha Mtunzi na Dungu la Shangazi

Ndugu zangu wasanii, walimu wetu, na wazee mliokuja kutusikiliza, hamjambo. Asanteni kwa kunikaribisha.

Kila nikikutana na vijana wanaoandika au kutunga muziki, kilio chao ni kimoja: hakuna utulivu. Chumba cha kupanga ni kimoja, jirani kafungulia redio, bodaboda zinapita mpaka usiku wa manane. Wanasema, laiti ningepata pahala shamba, mbali na watu, kazi ingetoka. Kilio hicho nakiheshimu, maana nami nimekilia. Leo nataka tukitazame kupitia mtu aliyekipatia dawa.

Mtu huyo ni Gustav Mahler, mtunzi na kiongozi wa okestra wa Austria. Kuanzia 1897 hadi 1907 aliongoza Opera ya Kifalme ya Vienna, kazi inayommaliza mtu: mazoezi mchana, maonyesho usiku, na lawama za kila upande. Kutunga kulisubiri likizo ya kiangazi. Kwa hiyo alijijengea vibanda. Cha kwanza kilisimama mwaka 1894, kabla hata hajaipata kazi ya Vienna, huko Steinbach, kwenye majani ya ukingo wa ziwa Attersee: chumba kimoja, piano, meza, basi. Humo alitunga Simfonia ya Tatu, utungo mrefu wa okestra, unaochukua zaidi ya saa moja na nusu kuupiga. Kijana Bruno Walter, aliyekuja kuwa kiongozi mkubwa wa okestra, alimtembelea mwaka 1896, akasimama kuishangaa milima ya mawe iliyo juu ya ziwa. Mahler akamwambia asijisumbue kuitazama, yote ameshaitia kwenye muziki.

Hapo ndipo wengi huishia. Mlima, ziwa, muziki. Mimi naomba tuingie kibanda cha pili.

Hiki kilikuwa Maiernigg, ndani ya msitu juu ya ziwa Wörthersee. Nyumba ya familia ilikuwa chini, ufukweni. Mahler aliamka alfajiri, akapiga kengele, akapanda kwenda kibandani. Mpishi naye alitakiwa kumfikishia kifungua kinywa huko juu, lakini asipite njia ya bwana. Alipita njia nyingine, ya mteremko mkali na utelezi, akiwa na chakula mkononi, kwa sababu Mahler hakuweza kustahimili kuona uso wa mtu kabla ya kuanza kazi. Haya kayaeleza mkewe, Alma. Na huyo Alma mwenyewe alikuwa mtunzi, ila mume alimtaka aache kutunga kabla hawajaoana. Msitu ule ulikuwa na ukimya, lakini ukimya huo ulikuwa na walinzi, na mmoja wao alilipa kwa nyimbo zake mwenyewe. Naupenda muziki wa Mahler kwa moyo wangu wote, na jambo hili linaniuma kila ninapousikiliza.

Wala kibanda hakikumpa ahadi. Kiangazi cha 1905 alikwenda kumalizia Simfonia ya Saba, na sehemu mbili alikuwa nazo tayari. Akakaa wiki mbili, hola. Akakimbilia milima ya Dolomiti, huko nako hola. Akakata tamaa, akaamua kurudi nyumbani. Akashuka kwenye treni ng'ambo ya ziwa, akapanda mashua ya kumvusha. Mwenye mashua alipopiga kasia la kwanza tu, Mahler akasikia mwanzo wa simfonia: mapigo yake, mwendo wake. Katika wiki nne sehemu zilizobaki zikawa zimekamilika. Mwenyewe alimwandikia Alma hivyo miaka mitano baadaye. Fikirini: msitu umempokea, milima imemtazama, na kilichofungua mlango ni mikono ya mtu aliyekuwa kazini.

Kibanda cha tatu nakitaja kwa ufupi, maana kina msiba nyuma yake. Mwaka 1907 binti yao wa miaka minne alifariki palepale Maiernigg. Hawakurudi tena kukaa. Kuanzia 1908 Mahler alitungia kwenye kibanda cha mbao huko Toblach, na muziki wa humo ni wa kuaga.

Huko Norway, mtunzi Edvard Grieg naye alikuwa na kibanda Lofthus, kando ya maji ya Hardanger. Wapita njia wakawa wanasimama kumsikiliza, naye akikosa raha. Akawaita wanaume wa kijiji, akawaandalia chakula na kinywaji, wakakihamisha kibanda kizima wakakisogeza kwenye maji. Kijiji kimebeba faragha ya mtu mmoja!

Sasa nirudi kwetu. Mimi ni mtoto wa Rufiji. Mpunga ukianza kukomaa bondeni, mtu huhamia dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, akaamia ndege na kulinda nguruwe usiku. Shangazi yangu alikaa dunguni msimu mzima. Nyimbo zake zote za harusi alizitungia kule, na hakuzitungia kimyani. Akipiga debe kuwafukuza kweleakwelea, akipaza sauti, sauti inageuka ubeti, debe linashika mapigo. Aliporudi kijijini baada ya mavuno, nyimbo zilikuwa zimeiva.

Asubuhi bibi alinituma nimpelekee uji. Alinionya: ukifika chini ya ngazi, ukimsikia anarudia neno moja mara nyingi, usiite. Subiri. Nami nilisimama kwenye umande, bakuli limefunikwa kawa, uji unapoa, namsikiliza akilitafuta neno, mpaka alipolipata na kuchungulia chini, akasema, "Haya mwanangu, panda."