Siku Mbili Haridwar: Majivu ya Babu na Kitabu cha Ukoo

SHABANI: Karibuni tena, wasikilizaji. Mimi ni Shabani, tuko Tanga, na dada Hansa amerudi kutoka India. Pole sana kwa msiba, dada.

HANSA: Nimeshapoa, kaka. Ahsante.

SHABANI: Mzee tulimzoea wote. Utotoni nilishangaa kusikia mnamwita "Dada" na ndevu zake zile!

HANSA: Kwa Kigujarati dada ni babu mzaa baba. Wateja dukani hawakulizoea hata siku moja.

SHABANI: Sasa nieleze. Bahari tunayo hapa mlangoni. Kwa nini majivu yakapelekwa mpaka mto Ganges?

HANSA: Wahindu wengi wa pwani hii huyatia baharini, na si kosa. Ila Dada mwenyewe aliomba Ganga, ndivyo tunavyouita mto huo, na kwetu ni mungu wa kike. Kisa chake ni hiki: mfalme Sagara alikuwa na wana 60,000, wakateketezwa kwa ghadhabu ya mtawa Kapila, wakabaki majivu yasiyo na pumziko. Vizazi vikapita. Bhagiratha, wa uzao huohuo, akaacha ufalme akaenda kuomba milimani mpaka Ganga akakubali kushuka kutoka mbinguni. Mungu Shiva akampokea kwa nywele zake, asije akaipasua ardhi. Maji yalipoyagusa majivu yale, wale wana wakafunguliwa. Kwa hiyo ukimpeleka mzee wako pale, unafanya alichofanya Bhagiratha.

SHABANI: Mkatokea Delhi?

HANSA: Delhi, mimi na kaka yangu. Treni ya alfajiri, safari ya kama saa nne na nusu hivi. Haridwar ndipo mto unapoiacha milima na kuingia nchi tambarare, na maji bado yana baridi ya Himalaya. Nilidhani nimejiandaa. Nilipotia mguu, pumzi ikakatika! Pale Har Ki Pauri, kwenye ngazi zenyewe za kushukia mtoni kuoga, kuna minyororo imefungwa uishike unapozama, maana mkondo unavuta kwelikweli.

SHABANI: Kumbe ni mto wenye nguvu hivyo mjini kabisa.

HANSA: Na watu wameupigania. Waingereza walifungua mfereji mkubwa wa umwagiliaji hapo mwaka 1854. Baadaye walipotaka kuongeza mabwawa, Wahindu wakaona maji yatazuiwa yasifike ngazini huru. Kiongozi wa Kihindu, Madan Mohan Malaviya, akaongoza upinzani, na mwaka 1916 yakapatikana makubaliano kwamba mkondo wa Har Ki Pauri usizibwe. Mimi nawashukuru watu wale.

SHABANI: Majivu mliyatia wapi?

HANSA: Hapohapo karibu, asubuhi. Kaka akamimina, mimi nikatupia maua. Dakika chache tu. Sitaki kuyasema mengi hayo.

SHABANI: Sawa, dada.

HANSA: Jioni tukarudi kwa aarti, ile ibada ya taa. Jua linapozama, makuhani wanainua taa za shaba zenye ndimi nyingi za moto, kengele zinalia, na watu wanashusha vikapu vidogo vya majani vyenye maua na utambi wa samli. Tulikiachia kimoja cha Dada. Kilizunguka kidogo, kikanyooka, kikaenda.

SHABANI: Na Rishikesh?

HANSA: Nusu siku tu. Ni kama kilomita 25 kuelekea milimani. Tulivuka Ram Jhula, lile daraja la waenda kwa miguu linaloning'inia, tukala puri na viazi. Miji yote miwili nyama na pombe haviuzwi. Pazuri, lakini moyo wangu ulibaki Haridwar kwa sababu ya vile vitabu.

SHABANI: Vitabu gani?

HANSA: Kuna makuhani wanaitwa panda. Kila ukoo wa panda unahudumia watu wa sehemu fulani za India, na wanatunza madaftari marefu ya majina, vizazi kwa vizazi. Unataja mkoa, kijiji, jina la ukoo. Tulizungushwa karibu saa mbili. Mtu mmoja njiani alitaka pesa nyingi kwanza, hata daftari hajalionyesha. Tukamwacha. Mwishowe tukampata panda wa kijiji chetu, karibu na Jamnagar. Akafunua, akafunua, kisha akaweka kidole: baba yake Dada, amekuja kuoga, mwaka 1980.

SHABANI: 1980? Si alikuwa ameshafariki?

HANSA: Wa kalenda ya Kihindu, ya Vikram! Imeitangulia yetu kwa miaka 56 au 57. Kwa hiyo ni 1923 au 1924, kabla hajapanda meli kuja huku. Hakurudi tena India. Nikakaa chini, kaka. Karibu miaka 100 jina lile lilikuwa linangoja.

SHABANI: Mkaongeza majina?

HANSA: Dada, wanawe, kaka yangu, mimi, watoto wetu. Akauliza, mzee alifia wapi? Nikasema Tanga. Kalamu ikasimama, hajawahi kulisikia jina hilo. Kaka akamwambia: andika kama Ganga, ila ianze na "ta". Akaliandika taratibu, akatusomea kwa sauti: Tanga.