Swali la Maji Baridi

Ndugu walimu, na wataalamu wenzangu wa uvuvi,

Siku ya kwanza nilipoombwa kuwafundisha wanafunzi habari za viumbe wa maji baridi, nilikwenda na grafu sita na maneno mengi. Katikati ya somo mtoto mmoja akauliza mbona tunayaita maji ya kijito baridi, ilhali yeye ameyagusa na yana uvuguvugu. Nilitaka kumjibu kwamba hilo ni jina tu la maji yasiyo na chumvi, kisha tuendelee. Mwalimu wa darasa akanizuia, akaliandika swali ubaoni, na somo likaanza upya kutoka hapo.

Lilikuwa swali zito kuliko grafu zangu. Lita moja ya maji yenye nyuzijoto 0 huweza kubeba takriban miligramu 14.6 za oksijeni, lakini yakifikia nyuzijoto 25 kiasi hicho hushuka hadi miligramu 8 na ushei, na samaki, ambaye joto humfanya atumie oksijeni zaidi, hupungukiwa wakati uleule anapoihitaji. Ndiyo maana miti ya ukingoni, ambayo wengi huiona pambo tu, imo katika maisha ya samaki: ikikatwa, kivuli huondoka na kijito hupata joto.

Tangu hapo siingii darasani kabla sijaketi na mwalimu tukapanga somo pamoja. Yeye anajua watoto hukwama wapi. Mimi najua kipi kina shaka na hupimwaje. Tukigeuza jiwe kijitoni, chini yake huwamo mabuu bapa wa wadudu, wameling'ang'ania, wengine wakipepeza mashavu ya kupumulia yaliyojipanga ubavuni mwao. Watoto huwahesabu, na makundi mawili yakilinganisha hesabu hukuta hazilingani. Wengine hudhani somo limeharibika. Kwangu ndipo linapokolea, kwa kuwa sisi nasi hatuhesabu samaki wote wa ziwa; tunakadiria kutokana na wachache walionaswa, na wavu wenye macho makubwa hauwaleti wadogo.

Miradi mingi ya ushirikiano huishia kwenye ziara moja na picha ya pamoja. Ningependa sehemu ya fedha za ziara hizo inunue vipimajoto vya kubaki shuleni, watoto wapime kijito kila wiki, na sisi tuwarudishie vipimo vyao vikiwa na maswali yetu pembeni.